Kinanda Kizuizini

Kasian Nyalusi alikuwa fundi redio wa Kihesa, Iringa, lakini watu wengi hawakumjua kwa redio. Walimjua kwa bugi, dansi la mchana la santuri. Jumamosi na Jumapili mchana alifunga kibanda chake, akapakia kwenye mkokoteni mashine ya santuri, ampilifaya, spika mbili za tarumbeta na betri ya gari, akaenda kupigia watu muziki kwenye kumbi, kwenye baa zenye ua mpana, au penye harusi. Hakuwa na bendi wala tajiri. Alikuwa yeye na santuri zake tu, na vijana walimwita Kasian Umeme.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya kinanda. Alikiunda mwenyewe, kasha la mbao za paina lenye ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, juu likiwa na vibao vya kubonyeza, ndani koili, waya na transista alizozitoa kwenye redio zilizokufa. Alikuwa akiweka santuri ya ngoma na magitaa, ikishachanganya watu anawasha kinanda na kupiga juu yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ndefu, ikipanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayelia amefumba mdomo. Mara ya kwanza kuisikia watoto walikimbilia kwa mama zao. Vijana ndio waliipenda. Wengine walitoka Kalenga kwa baiskeli kuifuata.

Kinanda hicho kilikuwa na kasoro moja. Sauti yake ilitokana na mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hayakukubali kubaki ndani ya kasha. Kila Kasian alipokipiga, redio za nyumba za jirani zilipiga mluzi. Akipandisha sauti, mluzi unapanda. Akishusha, unashuka. Zamani watu walicheka. Mzee Edmund, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akipaza sauti kutoka barazani kwake, "We Umeme! Niache nisikilize mpira!" na Kasian alizima, mambo yakaisha.

Halafu vikaja vita vya Kagera, na watu wakaacha kucheka.

Mwezi wa Novemba kila nyumba yenye redio iligeuka mkutano. Watu walijaa mpaka dirishani kusikiliza taarifa ya habari, na waliokuwa na vijana jeshini walisimama karibu zaidi. Mchana mmoja Kasian alikuwa amekifungua kinanda mezani kwake, akijaribu koili mpya, akasahau saa. Alipoinua kichwa, Mzee Edmund alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake wanaume wanne.

"Kasian," alisema. Siku hiyo hakumwita Umeme. "Taarifa ya habari imekatika kwangu. Nyumba nzima tumesikia mluzi tu. Walikuwa wanasema habari za mpakani."

"Nisamehe, mzee. Nilipitiwa."

"Mke wa Tadeo yupo pale kwangu analia. Mumewe yuko huko huko." Edmund aliangalia waya zilizotapakaa mezani. "Sisi tunakufahamu tangu mdogo. Lakini kuna watu wananiuliza, hiki kitu kinapeleka wapi sauti? Mimi nitawajibu nini?"

"Hakipeleki popote, mzee. Ni kinanda."

"Najua ni kinanda," alisema Edmund, lakini alisema polepole, kama mtu anayejishawishi mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo Kasian aliona mambo yakibadilika. Watu walioacha redio zao kwake kwa matengenezo walikuja kuzichukua kabla hazijapona. Verediana mkewe alipokwenda bombani, wanawake waliacha kuzungumza mpaka ndoo yake ijae. Stendi, mgeni mmoja aliyekutwa na kamera alipigwa na watu mpaka polisi walipomwokoa, na baadaye ikajulikana alikuwa mpiga picha za harusi kutoka Dodoma. Kasian alisikia habari hiyo akiwa kwa kinyozi. Aliinuka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, akakumbuka nywele zake, akakaa tena.

Katikati ya hayo ndipo ulipokuja ujumbe wa Malimi. Malimi alikuwa Msukuma mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kwenye mbuga za Usangu, upande wa Rujewa. Aliwahi kumsikia Kasian kwenye bugi huko Mafinga alipopeleka mifugo mnadani, na hakuisahau ile sauti. Sasa alikuwa anamwoza binti yake Ng'washi. Alimtuma dereva wa lori la mbao aje aseme hivi: fundi aje, na kile kinachoimba kama ndege aje nacho.

Verediana aliposikia alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Baba Lea, nenda. Kazi ni kazi. Lakini kinanda kiache."

"Ndicho alichoomba."

"Utamwambia kimeharibika. Peleka santuri. Nani atakulaumu kwa santuri? Barabara yote ile ina vizuizi. Mgambo wanapekua mpaka vikapu vya nyanya."

"Nikikiacha hapa wakaja kupekua, watakukuta nacho wewe na mtoto."

Verediana aliinuka kutafuta mablanketi. Jambo hilo lilikuwa kweli, lakini Kasian mwenyewe alijua halikuwa ukweli wote. Wiki nyingi hakuwa amekipiga, na alitamani kukipiga mbele ya watu wasiomwangalia kwa jicho la pembeni.

Alipanda basi mpaka Mafinga, mizigo yake imefungwa kwenye mablanketi. Pale alimkuta yule dereva aliyetumwa na Malimi, Mnyakyusa aitwaye Andendekisye, lori lake limeshapakiwa mbao za kwenda Mbeya. Ni yeye aliyesema wakifiche kinanda.

"Kaka, hizi santuri na spika hata mtoto anazijua. Tuziweke juu. Lakini hicho kidude chako, mimi mwenyewe kinanitisha. Tukiingize kati ya mbao."

Kasian alisita, halafu akakubali. Walisogeza mbao, wakaacha pango dogo, wakakisukuma humo na kufunika kwa turubai. Lori lilipoondoka alijisikia salama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Lilipita misitu ya paina, likapita Makambako, likaanza kuteremka kuelekea joto la Usangu. Njiani walipishana na msafara wa magari ya jeshi yakielekea kaskazini. Askari walikuwa wamekaa nyuma wakiimba, na Andendekisye aliwapungia mkono. Kasian naye alipunga.

Kizuizi kilikuwa mbele kidogo, kwenye kijiji cha kando ya barabara. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na mgambo walikuwa kama kumi, wengine na bunduki, wengine na marungu. Walipanda nyuma ya lori. Santuri walizipitia moja moja, wakacheka picha za wacheza dansi kwenye majalada. Kisha mmoja wao, kijana mrefu aliyeitwa Timotheo, akaona mbao zimepangwa vibaya.

Walipokitoa kinanda kwenye turubai hakuna aliyecheka. Timotheo aliinua kifuniko, akaona waya, akaruka chini ya lori kana kwamba ameona nyoka.

"Nani mwenye hiki?"

Andendekisye aliangalia mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. "Ni cha huyo abiria. Mimi simfahamu. Kanisimamisha tu Mafinga."

Kasian alimgeukia. Andendekisye hakumgeukia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni mpaka kwenye kola ya shati.

Walimteremsha Kasian, wakateremsha na vitu vyake vyote. Gogo likainuliwa, lori likaondoka. Alilitazama mpaka likapotea.

Walimfungia kwenye ghala la kijiji. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi na harufu ya dawa ya wadudu iliyomchoma kooni. Kwa nje alisikia watu wakikusanyika. Kwanza sauti za wanawake, halafu za wanaume, halafu nyingi zisizotofautika. "Kakutwa na mtambo." "Aliuficha chini ya mbao." "Mtoeni tumwone." Mtu alipiga bati la mlango kwa ngumi, na Kasian alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa magunia. Alijaribu kusali Baba Yetu, akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, maneno yaliyofuata yakampotea. Alianza upya, yakampotea palepale.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mfupi mwenye mvi chache masikioni. Alikuwa kamanda wa mgambo wa pale, jina lake Saulo. Alimpeleka ofisi ya kijiji, chumba chenye meza moja, na kwenye kizingiti cha dirisha redio ya Saulo ilikuwa inaimba nyimbo za vita. Kinanda kilikuwa mezani. Nje ya dirisha kulikuwa na vichwa vya watu.

"Kaa," Saulo alisema. "Unatoka wapi?"

"Iringa, afande. Kihesa."

"Mmepishana na magari ya jeshi?"

Kasian alifungua mdomo, akaufunga. Akisema ndiyo, ataulizwa kwa nini aliyaangalia. Akisema hapana, ni mwongo, maana msafara ule ulikuwa umepita hapohapo kizuizini.

"Tumepishana nayo, afande. Tuliwapungia mkono."

"Yalikuwa mangapi?"

"Sikuhesabu."

Saulo aligonga kasha kwa kidole. "Kwa nini ulikificha?"

"Kwa woga."

"Mtu asiye na kosa anaogopa nini?"

"Watu, afande," Kasian alisema. "Naogopa watu. Ni kinanda. Nakwenda kukipiga kwenye harusi kwa Mzee Malimi, Rujewa."

"Basi kipige," alisema Saulo. "Kama ni kinanda kitaimba."

Betri ikaletwa, na ampilifaya, na spika moja. Kasian aliunganisha waya mmoja mmoja. Redio iliendelea kuimba pale dirishani, mkono mmoja tu kutoka kwenye kasha. Alijua kitakachotokea. Wazo la kwanza lilikuwa kuomba izimwe. Angesema kelele zake zinamchanganya. Lakini kuficha ndiko kulikokuwa kumemfikisha kwenye chumba kile, na hakuwa na nguvu za kuficha tena.

"Afande, kabla sijapiga. Nikibonyeza hapa, hiyo redio itapiga mluzi. Si kwamba natuma kitu. Ndivyo kilivyo. Zikiwa karibu, zinagombana."

Timotheo, aliyesimama kwenye kona na bunduki, alimtazama Saulo. Saulo alionyesha kinanda kwa kidevu.

Kasian akabonyeza.

Sauti ilitoka kwenye spika, nyembamba, ikitetemeka kama yeye mwenyewe. Papo hapo nyimbo za vita zikakatika na redio ikatoa mluzi mkali. Akabonyeza kibao cha pili, mluzi ukapanda. Vichwa vyote vya dirishani vikarudi nyuma kwa pamoja.

"Anaongea na nduli!" mtu alipiga kelele. "Anaongea naye sasa hivi!"

Timotheo aliikoki bunduki. Mlangoni watu walisukumana, na rungu likagonga fremu. Kasian aliondoa mikono yote kwenye vibao na kuiinua juu. Alihisi maji ya moto yakimshuka mguuni, akajua amejikojolea, wala hakuona aibu. Hakukuwa na nafasi ya aibu.

"Tulieni!" Saulo alisema. Hakupiga kelele, lakini walitulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. "Mluzi huu unafika wapi?"

"Nyumba nne, tano. Labda zaidi kidogo."

"Labda."

"Sijawahi kupima, afande."

"Basi leo tutapima." Saulo aliichukua redio pale dirishani. "Wewe utabonyeza hapohapo, usiache. Mimi nitaitembeza hii barabarani mpaka darajani. Mtambo wa kumfikia adui hauwezi kushindwa kufika darajani. Kama utaacha kulia njiani, tutajua. Kama hautaacha, tutajua pia."

Watu walinguruma kukubali. Kasian aliona shimo lililokuwa mbele yake. Redio za masafa mafupi huwa na milio yake yenyewe. Stesheni za mbali zinapopandana, redio hupiga mluzi bila kuguswa na mtu. Aliwaeleza wateja jambo hilo mara nyingi kibandani, na nusu yao hawakuamini. Sasa kama redio ya Saulo ingepiga mluzi wake yenyewe kule darajani, mluzi huo ungehesabiwa kuwa wake.

Alitaka kulisema. Lakini nani angemwamini? Wangesema mjanja huyu, ameshaanza kutafuta mlango wa kutokea. Akanyamaza.

Saulo alimsogelea Timotheo, akamnong'oneza kitu sikioni. Timotheo akaitikia kwa kichwa. Kisha Saulo akatoka na redio yake, na kundi zima likamfuata.

"Bonyeza," alisema Timotheo.

Kasian akabonyeza. Sauti moja ikajaa chumbani, haipandi, haishuki. Alisikia watu wakiteremka barabarani, mazungumzo yao yakififia. Hakuweza kusikia redio. Hakuweza kujua imefika wapi, inasema nini. Kidole kilianza kufa ganzi, akakisaidia kwa cha pili. Nzi alitua shavuni kwake, akamwacha. Akaanza kuwaza Verediana atapataje habari. Labda dereva wa basi atasimulia stendi, kwamba kuna mpelelezi ameuawa huko chini, na mkewe atakuwa bombani wakati habari inafika.

"Una watoto?" Timotheo aliuliza ghafla.

"Mmoja. Anaitwa Lea."

Timotheo alijifuta uso kwa mkono. Bunduki ilikuwa inatikisika mikononi mwake, na Kasian akatambua kwamba kijana yule naye alikuwa anaogopa. Jambo hilo halikumpa nafuu. Lilizidi kumtisha, kwa kuwa mtu mwenye woga hafikirii kabla ya kuvuta kidole.

Huko shuleni kengele ikagonga, ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti. Timotheo akashtuka.

"Ondoa mkono."

"Afande kasema nisiache..."

"Ondoa mkono! Kaa mbali na hicho kitu! Simama ukutani!"

Kasian alisimama ukutani. Aliona jambo moja tu. Wamemtoa kwenye kinanda ili kisiharibiwe na risasi. Alifumba macho. Ile Baba Yetu iliyomkataa ghalani ikaja yote, mpaka amina, na hakuna kilichotokea. Akafumbua jicho moja. Timotheo alikuwa bado amesimama palepale, anasikiliza nje.

Kisha kutoka mbali, upande wa daraja, ukaja ukelele wa watu wengi.

Miguu ikaanza kukimbia kurudi. Kasian aliijua maana yake. Redio imelia darajani.

Wa kwanza kuingia walikuwa vijana wenye marungu, wanahema. "Imelia! Imelia mpaka darajani!" Mmoja alimkamata Kasian shati, vifungo vikaruka. Saulo alifika nyuma yao akitembea, hana haraka, redio kwapani.

"Mwacheni," alisema. "Timotheo. Kengele ilipogonga ulifanya nini?"

"Nilimwondoa, kamanda. Kama ulivyoniambia."

"Aligusa tena?"

"Hapana. Amesimama ukutani tangu hapo."

Saulo aliweka redio mezani, akawageukia watu. "Mmesikia? Mluzi ulituacha pale kisimani. Mlikuwepo wote. Kutoka kisimani, kimya. Halafu kengele ikagonga. Halafu ndiyo tukafika darajani redio ikalia tena. Sasa nani aliiliza, kama huyu alikuwa ukutani?"

Vijana walishusha marungu.

"Redio yangu inalia yenyewe," alisema Saulo. "Imeanza kulia mwaka jana, kabla ya vita. Mke wangu huizaba kofi ndipo inanyamaza. Ndiyo maana nilimwagiza Timotheo amwondoe huyu kengele ya shule ikigonga. Sikutaka mtu afe kwa ajili ya redio mbovu."

Kasian aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni.

Watu hawakutawanyika mara moja. Wengine walishika njia kimyakimya, na mwanamke mmoja alimletea Kasian kikombe cha maji. Lakini kwenye mlango walibaki wanaume kadhaa wakinong'ona, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtambo unaweza kuwa na kitu kingine ndani, nani ajuaye. Saulo aliwasikia. Alichuchumaa karibu na Kasian.

"Ndugu yangu, mimi nimeridhika," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mimi ni wa kizuizi hiki tu. Mbele kuna vingine, na kila kimoja kina watu wake. Ukienda na hicho kitu sijui kama utafika."

"Nifanyeje, afande?"

"Kiache kwangu. Vita vikiisha utakuja kukichukua."

Kasian alikiangalia kinanda. Alikuwa amekiunda kwa miaka mitatu. Alichukua bisibisi mfukoni, akafungua kasha, akachomoa koili mbili mbele ya wale wanaume wa mlangoni ili waone kwamba sasa ni mbao tu, akamkabidhi Saulo vyote.

Alasiri Malimi alifika kwa baiskeli pamoja na shemeji zake wawili. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya pama, na alimpa Saulo mkono kabla hajauliza lolote.

"Nimeambiwa fundi wangu mmemshika."

"Nani kakwambia?" aliuliza Saulo.

"Dereva wa mbao. Amekuja kwangu anatweta kama ng'ombe mwenye kiu. Amesema wahi, wasije wakamuua." Malimi alimgeukia Kasian, akaona suruali yake, akavua koti lake na kumpa ajifunge kiunoni. "Pole, mwanangu. Twende nyumbani."

Kasian hakujua amwazie nini Andendekisye. Alikuwa amemkana, kisha akamtafutia msaada, na vyote viwili alivifanya kwa woga uleule. Mpaka leo hajui kama angepaswa kumshukuru.

Harusi ilifanyika siku ya pili yake, mchana, kwenye uwanja mpana uliofagiwa mbele ya nyumba za Malimi. Kasian alipiga santuri. Ng'washi alitolewa akiwa amefunikwa khanga, vigelegele vikapigwa, na vijana wa Kisukuma walicheza miziki ya kizungu na ya Zaire kwa miguu ya ngoma zao wenyewe, vumbi likafika kiunoni. Mara mbili gari lilisikika mbali, na mara zote mbili mkono wa Kasian ulikwenda wenyewe kupunguza sauti. Mara ya pili Malimi alimjia.

"Mbona unapunguza?"

"Nimesikia gari, mzee."

"Ni gari la chumvi. Ongeza."

Akaongeza. Malimi alibaki amesimama karibu naye mpaka jua lilipoinama.

Aliporudi Iringa, Verediana alimwona anaingia bila kasha, akamwandalia maji ya kuoga. Ndani ya siku chache Mzee Edmund alikuja kukaa barazani, akasikiliza habari yote, akatikisa kichwa na kusema ni heri kitu kimebaki huko. Wateja walirudi mmoja mmoja. Kasian alitengeneza redio zao, na Jumamosi alipiga santuri, lakini watu waliomfahamu waliona amebadilika. Mtu akigonga mlango alisimama kwanza kabla ya kujibu.

Vita vikaisha. Kasian alianza kupata kazi Mbeya, kwenye ukumbi mmoja karibu na soko, na kila mara basi lilipita kwenye kile kijiji. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa, yamebaki mapipa mawili yenye kutu. Kila safari alijiambia atashuka. Kila safari alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili mpaka kijiji kikapita.

Safari moja Verediana alikuwa naye. Walipokaribia aliona jinsi mumewe alivyokishika kiti. Alisimama, akampigia dereva ukelele.

"Shusha hapa!"

"Mama Lea, kaa."

"Basi kaa wewe," alisema Verediana, akashuka. Kasian akamfuata, kwa kuwa kumwacha peke yake pale kulimtisha zaidi.

Waliulizia nyumba ya Saulo, wakaonyeshwa. Mkewe, Roza, alikuwa anaanika mpunga uani. Alimsikiliza Kasian mpaka mwisho bila kuacha kusambaza mpunga kwa mikono.

"Hayupo," alisema. "Walichukuliwa mgambo wengi kwenda vitani mwezi wa kwanza, na yeye akiwemo. Wenzake wengine wamesharudi. Timotheo amerudi. Mimi bado nasubiri."

"Amewahi kuleta habari?" aliuliza Verediana.

Roza alitikisa kichwa. Aliingia ndani, akatoka na kasha limefungwa kwenye gunia la katani, na koili mbili kwenye kitambaa safi. "Alisema lisiguswe na watoto. Halikuguswa." Aliliweka chini, akajifuta mikono kwenye khanga. "Alinisimulia siku ile. Alisema sauti yake hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mimi nilikuwa shamba, sikuisikia."

Kasian alimtazama mkewe, kisha barabara. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama tayari wanaangalia. Mwili mzima ulimwambia apakie waondoke. Alipiga magoti uani, akarudisha koili mahali pake. Verediana alikwenda kwa jirani mwenye trekta akaomba betri, na jirani akaileta mwenyewe, akabaki kuangalia. Ampilifaya na spika walikuwa nazo kwa ajili ya ukumbi wa Mbeya.

Alipowasha, sauti ilitoka imepasuka kwa sababu ya vumbi, halafu ikanyooka. Alipiga wimbo wa harusi wa Kihehe, polepole. Watu wakaongezeka kwenye ua, akiwemo kijana mrefu anayechechemea ambaye hakusogea karibu. Kasian hakuinua macho kuwatazama. Mikono yake haikuacha kutetemeka hata mara moja, na wimbo ukatetemeka nayo, lakini alipiga mpaka mwisho, na Roza alipomwomba arudie, akarudia.